Vyumba, nyumba za familia, fremu au wageni wa siku: upangishaji upi unauweza Dar es Salaam?

Mtu akipata kiinua mgongo, akiuza shamba la urithi au akirudi na akiba ya miaka ya ughaibuni, wazo la kwanza hapa Dar huwa lile lile: jenga, pangisha, tulia. Wapangaji wapo kweli. Sensa ya 2022 ililihesabu jiji hili kuwa na watu milioni 5.38, na wengi wao wanalala kwenye nyumba za wengine. Kazi ngumu ni kuchagua upangishe nini, na hapo wengi huongozwa na swali moja tu: inaingiza shilingi ngapi kwa mwezi?

Swali hilo halitoshi. Vyumba vya Mbagala, nyumba ya Goba, fremu ya Sinza na apatimenti ya Mikocheni ya kulaza wageni, zote zinaweza kuleta hela, na zote zinaweza kumkosesha mwenye mali usingizi. Kero zake ndizo hazifanani. Kuna kero ambayo mtu anayeishi mtaa ule ule anaimaliza kwa maneno mawili jioni, lakini kwa aliyeko Mwanza au Uingereza inageuka kesi. Pango la mwezi utaambiwa na dalali yeyote. Kero hakuna atakayekutajia, kwa hiyo hapa nimeziweka njia hizi nne mbele kwa kero zake.

Vipimo tutakavyotumia

Nimetumia vipimo sita kwa kila njia: mtaji unaohitajika, miezi mitupu, urahisi wa kulipata pango mkononi, huduma na matengenezo, sheria na kodi za serikali, na urahisi wa kutoka siku ukitaka kuuza.

Miezi mitupu ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, kwa hiyo tuifanyie hesabu ya mfano. Tuseme umetumia Sh60,000,000 kwenye kiwanja na nyumba, na unapangisha kwa Sh350,000 kwa mwezi. Kwa mwaka unaandika Sh4,200,000, yaani asilimia 7 ya fedha yako. Sasa ondoa mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu kati ya mpangaji anayetoka na anayeingia: zimebaki Sh3,850,000. Ondoa Sh250,000 za rangi, vitasa na koki. Ondoa kodi ya mapato ya pango, asilimia 10 ya kilichoingia, yaani Sh385,000. Umebakiwa na Sh3,215,000, ambayo ni asilimia 5 na kidogo. Bado paa halijavuja na bado mpangaji hajakwepa hata mwezi mmoja.

Iweke hesabu hiyo kando ya riba ya mkopo. Mikopo ya nyumba kwenye benki zetu imekuwa ikizunguka asilimia 15 hadi 19 kwa mwaka. Mali inayozaa asilimia 5 haiwezi kujilipia deni la asilimia 15, na mtu aliyekopa akiamini wapangaji ndio watakaorejesha mkopo huishia kuulipa kwa mshahara wake. Ni vema uiweke pia kando ya hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani kuikopesha serikali fedha kwa riba, ambazo riba yake hutangazwa na Benki Kuu kila zinapouzwa. Hatifungani haina choo cha kuziba. Nyumba nayo ina thamani ya ardhi inayopanda, ambayo hatifungani haina. Lakini thamani hiyo hutaila mpaka uuze, na ukiuza TRA hudai asilimia 10 ya faida, kwa hiyo risiti za saruji na nondo zitunze tangu siku ya kwanza.

Kabla ya yote, ardhi

Njia yoyote utakayochagua, hatari kubwa kuliko zote iko chini ya msingi. Ardhi yote nchini ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaruhusu hati miliki ya muda usiozidi miaka 99. Lakini sehemu kubwa ya Dar imejengwa bila kupimwa. Huko watu wana leseni ya makazi, au wana karatasi ya mauziano tu yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba mliuziana. Haithibitishi kwamba aliyekuuzia alikuwa na haki ya kuuza.

Fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi. Usiridhike na picha ya hati kwenye simu ya dalali. Nyumba ikiwa ya marehemu, taka barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, kwa sababu nyumba nyingi za zamani za Ilala, Magomeni na Kariakoo zina warithi ambao hutawaona siku ya kulipa, watajitokeza baadaye. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenza wake asaini: Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa yake.

Kisha uliza barabara na maji. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, zikiwemo zilizokuwa na wapangaji ndani. Mwishoni mwa 2015 zilivunjwa za Bonde la Msimbazi, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameshaonyesha maji yanapita wapi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Kiwanja kinachouzwa kwa bei ya kutupa kiangazi, kakitazame mwezi wa nne masika yakiwa yamekolea, na uwaulize majirani maji hufika wapi ukutani.

Njia ya kwanza: vyumba vya uswahilini

Hapa nazungumzia nyumba ya vyumba sita, nane au kumi, ya korido au ya uani, choo na bomba vya pamoja. Siku hizi pia safu ya vyumba vya masta, kila kimoja na choo chake. Manzese, Tandale, Buguruni, Vingunguti, Mbagala na Gongo la Mboto zimejaa nyumba hizi, na ndizo zinazowalaza watu wengi wanaoliendesha jiji hili.

Mtaji. Uzuri wake ni kwamba unajenga kwa awamu. Unaanza na vyumba viwili, unapangisha, pango linanunua tofali za chumba cha tatu na cha nne. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayomruhusu mtu wa kipato cha kawaida kuanza hivyo.

Miezi mitupu. Hapa ndipo vyumba vinapozishinda njia zote. Akitoka mpangaji mmoja kati ya kumi, umepoteza sehemu moja ya kumi ya kipato, na chumba kilicho karibu na kituo cha daladala au mwendokasi hakikai.

Pango mkononi. Wapangaji wako wengi wana kipato cha siku: mama lishe, bodaboda, machinga, kibarua wa kiwandani. Utaomba miezi sita, utapewa mitatu, halafu utaanza kupokea mwezi mwezi, mwingine nusu nusu. Januari, ada na sare za shule zikifika, pango linasubiri. Si kwamba watu hawa ni wabaya. Fedha yao ndivyo inavyoingia, na mwenye nyumba mwenye busara huipanga tarehe ya kulipa ifuate mapato ya mpangaji. Lakini hilo linataka uwepo wako. Vyumba kumi ni mazungumzo kumi kila mwezi.

Huduma na matengenezo. Ugomvi mkubwa wa nyumba za aina hii ni umeme, maji na choo. Mita moja ya LUKU kwa vyumba vinane ina hasara mbili. Ya kwanza ni lawama: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku, nani hajachangia. Ya pili haionekani haraka. TANESCO ina bei nafuu ya Sh100 kwa uniti, kabla ya makato, kwa mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Vyumba vinane kwenye mita moja vinavuka kiwango hicho, na wapangaji wenye kipato kidogo kuliko wote wanajikuta wakinunua umeme kwa bei ya karibu mara tatu. Ukiweza, omba mita zaidi ya moja tangu mwanzo. Ukishindwa, funga submita, yaani mita ndogo ya kupimia matumizi, kila chumba. Choo nacho: jiji kwa sehemu kubwa halijaunganishwa na mtandao wa majitaka, kwa hiyo ni karo, yaani shimo la majitaka, na watu ishirini kwenye karo lililochimbwa kwa ajili ya familia moja watalijaza upesi. Gari la kunyonya lisipoweza kuingia kwenye uchochoro wenu, hilo ni tatizo la kila masika.

Sheria na kodi. Mikataba mingi ni ya mdomo. Siku ya mgogoro mwenye nyumba anang'oa mlango au bati ili mpangaji aondoke, na kwa kitendo hicho yeye ndiye anakuwa mkosaji. Andika mkataba, hata wa ukurasa mmoja, mbele ya mjumbe au mtendaji wa mtaa. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa bila kujua. Waambie wapangaji, na uwarudishie au mkubaliane waziwazi.

Kutoka. Nyumba isiyo na hati huuzwa kwa fedha taslimu kwa mtu anayeufahamu mtaa. Benki haitamkopesha mnunuzi wako, kwa hiyo wanunuzi ni wachache.

Inamfaa anayeishi hapo hapo au dakika chache kutoka hapo, anayejua kusema na watu, na asiyechoshwa na hodi za asubuhi.

Njia ya pili: nyumba ndogo za familia

Hizi ni nyumba mbili, tatu au nne za vyumba viwili au vitatu ndani ya ukuta mmoja: Goba, Madale, Kinyerezi, Mbezi, Bunju, Kigamboni. Madalali huziita apatimenti. Ndizo ndoto ya wafanyakazi wengi wa ajira, na ndizo zinazojengwa kwa wingi kuliko mtu anavyodhani anapopita barabarani.

Mtaji. Huwezi kupangisha nusu ya nyumba ya namna hii. Ukuta, geti, vigae, dari ya jipsamu, jiko lenye makabati, tenki juu ya mnara: vyote vinatakiwa viwepo kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Nyumba nyingi zimesimama Goba na Madale zikiwa zimepauliwa tu, kwa sababu umaliziaji umemaliza fedha ambayo mwenye nyumba aliihesabia boma.

Miezi mitupu. Ukiwa na nyumba tatu na moja ikawa tupu, theluthi ya kipato imekatika. Tena mpangaji wa huku ana tabia moja ambayo watu hawaihesabu: naye anajenga. Ni mwalimu, mhasibu, muuguzi, ana kiwanja chake Chanika au Kibaha, na siku akipaua anahama. Wengine huhamishwa vituo vya kazi. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, watumishi waliondoka kwa mafungu. Nyumba ikiwa mbali na lami, au ng'ambo ya Daraja la Kigamboni lenye tozo, mpangaji hujumlisha nauli yake ndani ya pango, kwa hiyo usilinganishe bei yako na ya Sinza.

Pango mkononi. Ana mshahara, analipa miezi sita au mwaka, na kwa sehemu kubwa analipa. Kuna jambo moja tu la kuangalia. Dalali hulipwa na mpangaji anayeingia, kwa kawaida pango la mwezi mmoja. Kipato chake kinatokana na watu kuhama. Akikwambia "bosi, huyu anakulipa kidogo, nina mtu wa bei ya juu", hesabu kwanza mwezi mtupu na rangi mpya. Mpangaji mwenye adabu anayelipa Sh300,000 miaka minne mfululizo anaweza kuwa na faida kuliko wanne wa Sh350,000 waliopishana.

Huduma na matengenezo. LUKU ni ya kila nyumba, kwa hiyo ugomvi wa umeme haupo. Maji ndiyo mtihani. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgao mkali wa maji, na nyumba zisizo na akiba ziliteseka. Tenki kubwa na kisima ni lazima, si anasa. Lakini pima maji ya kisima kabla hujaunganisha mabomba: visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inamaliza koki, hita na masinki ndani ya muda mfupi, halafu bili ya fundi inakuja kwako. Tenga pango la mwezi mmoja kila mwaka kwa ajili ya matengenezo na usiliguse.

Sheria na kodi. Mpangaji akiwa kampuni au shirika, atakata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kabla ya kukulipa. Dai cheti chake. Mkataba unapaswa kulipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Wengi huuruka, wakasahau kwamba mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi siku mpangaji amegoma kutoka. Kumtoa ni kwa notisi ya maandishi, kisha usuluhishi na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Hesabu miezi kadhaa bila pango hadi shauri liishe.

Kutoka. Yenye hati safi na kibali cha ujenzi inauzika, na mnunuzi wako anaweza kukopa benki. Hii ndiyo nguvu yake kubwa.

Inamfaa mwenye mtaji wa kumaliza bila kukopa, mwenye kazi nyingine, na asiyetegemea pango hilo kwa chakula cha mwezi huu.

Njia ya tatu: fremu za biashara

Mtaji. Kujenga fremu nne mbele ya nyumba yako ni rahisi kuliko kujenga nyumba: hakuna jiko, choo ni kimoja, umaliziaji ni mlango wa chuma na sakafu. Ghali ni mahali. Fremu hailipwi kwa uzuri wake, inalipwa kwa miguu inayopita mbele yake. Hatua hamsini kutoka barabarani zinaweza kukata pango kwa nusu.

Miezi mitupu. Kubwa au hakuna. Mahali pazuri watu wanasubiri kwenye foleni, hata kupeana kilemba, fedha ya kumfanya aliyemo aachie nafasi, wenyewe kwa wenyewe ili fremu ibadilishe mikono. Mahali pa kawaida, fremu inaweza kukaa imefungwa mwaka. Na mahali pazuri panaweza kubadilika bila wewe kuulizwa. Barabara ikichimbwa kwa ajili ya njia za mwendokasi, wateja wanakwepa vumbi, mpangaji anaomba apunguziwe, mwingine anarudisha funguo. Julai 2025 serikali ilipowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, rejareja ikiwemo, waliopangisha kwa wageni hao huko Kariakoo walikuwa kwenye hatari ya kutafuta wapangaji wapya.

Pango mkononi. Mfanyabiashara hulipa mwaka au miezi sita kwa mkupuo, kwa sababu anaogopa kuipoteza sehemu aliyokwisha izoesha wateja. Huo ni uhakika ambao hutaupata kwa mpangaji wa chumba. Shida inakuja biashara ikifa. Hatakuambia, utakuta kufuli na bidhaa chache ndani, na huwezi kuifungua na kupangisha upya kwa amri yako mwenyewe.

Huduma na matengenezo. Kidogo kuliko njia zote. Mpangaji hupaka rangi na kuweka rafu mwenyewe. Lakini angalia anachofanya ndani: mwenye mashine ya kuchomelea au majokofu sita anahitaji umeme ambao nyaya za fremu ya kawaida hazikupangiwa, na moto ukianza hauchagui fremu. Na asiguse ukuta wala nguzo bila mhandisi. Jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu wengi linatosha kumkumbusha kila mwenye jengo la biashara kwamba ruhusa ya kuchimba chini au kuongeza ghorofa ni jambo la uhai.

Sheria na kodi. Huku TRA inaona vizuri, kwa sababu mpangaji mwenye leseni anahitaji mkataba wa pango kwenye makaratasi yake. Usitarajie kupangisha kimya kimya. Kama mpangaji anamwachia mwenzake fremu kwa kilemba bila wewe kujua, utajikuta na mtu ndani usiyemjua na mkataba wa mtu aliyeondoka. Andika wazi kwamba hairuhusiwi bila saini yako.

Kutoka. Inategemea mahali. Ya barabarani inagombewa, lakini hakikisha haimo ndani ya hifadhi ya barabara, maana fremu ndizo hutangulia kuwekewa alama ya X ya kubomolewa.

Inamfaa mwenye kiwanja tayari mahali watu wanapita, au mfanyabiashara anayejua mzunguko wa soko na anaweza kuhimili mwaka mbaya.

Njia ya nne: wageni wa siku

Nyumba au apatimenti yenye samani zote, inapangishwa kwa siku au wiki kupitia Airbnb na mitandao mingine, au kwa wateja wa simu. Mikocheni, Masaki, Mbezi Beach, Upanga, Sinza.

Mtaji. Mkubwa kwa kila mita: samani, viyoyozi, jenereta au betri, intaneti, vyombo, mashuka ya kubadilisha. Samani hizo huchakaa haraka na zinahitaji kubadilishwa. Wengine hukodi nyumba ya mtu na kuipangisha upya kwa siku. Mtaji unapungua, lakini unadaiwa pango mgeni aje asije.

Miezi mitupu. Hapa unahesabu siku tupu. Kipato cha siku moja kinapendeza sana kwenye maandishi, lakini uliza ni siku ngapi kwa mwezi. Mwaka 2020 ndege ziliposimama, nyumba hizi zilikaa tupu kwa miezi. Waliopangisha nyumba zenye samani kwa wafanyakazi wa mashirika nao waliguswa mwaka 2025, Marekani ilipofunga USAID na miradi mingi kupunguza watu.

Pango mkononi. Hili ndilo jepesi. Mgeni analipa kabla ya kuingia, hakuna deni la miezi mitatu.

Huduma na matengenezo. Hapa unaendesha malazi, na ndiyo kazi yenyewe. LUKU ni yako, na mgeni huwasha kiyoyozi mchana kutwa. Maji yakikatika saa tano usiku, simu ni yako. Usafi ni kila mgeni. Bila msimamizi mwaminifu aliye karibu, maoni mabaya mawili mtandaoni yanakutosha kupoteza msimu.

Sheria na kodi. Ukiwa ndani ya jengo la wamiliki wengi, lililo chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, soma kanuni za umoja wa wamiliki kabla hujanunua hata kijiko. Majirani wanaweza kukataza wageni wa siku. Tunza daftari la wageni na nakala za vitambulisho, na fuata leseni ya biashara. Tena, tangu kanuni za Machi 2025, bei za ndani hazipaswi kutajwa wala kulipwa kwa dola. Mikataba ya zamani ya Masaki iliyoandikwa kwa dola ni ya kubadilishwa.

Kutoka. Rahisi kwa maana moja: ikishindikana, unaweza kugeukia mpangaji wa mwaka. Fedha ya samani hutairudisha yote.

Inamfaa anayependa biashara ya huduma, mwenye mtu wa kusimamia kila siku, na mwenye kipato kingine cha kumvusha miezi mikavu.

Kwa hali yako

Kama umestaafu, fedha ni ya mkupuo mmoja na haitakuja tena, usiimalize yote kwenye matofali. Nyumba mbili za familia zilizokwisha kabisa ni bora kuliko nne zilizoishia kwenye paa. Fedha ya matibabu na ya kula miaka miwili iache benki au kwenye hatifungani, kwa sababu nyumba haiuzwi kwa siku moja unapohitaji kulazwa.

Kama uko ughaibuni au mkoani, vyumba vya uswahilini viache, hata kama hesabu yake inavutia kuliko zote. Nyumba ya familia yenye hati inafaa zaidi, pango likilipwa moja kwa moja kwenye akaunti yako benki, si kwenye simu ya ndugu. Ndugu anayekusimamia mlipe asilimia iliyoandikwa. Asiyelipwa hujilipa mwenyewe, na undugu unavunjika kwa Sh200,000.

Kama una mshahara mdogo na kiwanja ulichorithi Mbagala au Chanika, na unaishi hapo, vyumba ndivyo vitakavyokuvusha. Jenga viwili, weka karo kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, funga submita, andika mikataba. Ukiwa na uso wa barabara, anza na fremu mbili na uone ni biashara gani zinadumu kabla ya kuongeza.

Kama una nyumba kubwa Mikocheni au Mbezi Beach watoto wamekwisha hama, jaribu wageni wa siku kwa sehemu moja ya nyumba kabla ya kununua samani za nyumba nzima. Upo hapo, unaona kila kitu, na ikikuchosha unaweka mpangaji wa mwaka.

Kama mpango wako wote unategemea mkopo, rudi kwenye hesabu ya juu na uweke namba zako: pango la miezi 11, si 12, kisha toa kodi na matengenezo. Kinachobaki kisipotosha rejesho la mwezi, jua ni kiasi gani utaongeza mfukoni kila mwezi na kwa miaka mingapi, na umwonyeshe mwenza wako kabla ya kusaini.

Na kama nyumba ni ya marehemu na mko ndugu watano, msipangishe kabla ya kufungua mirathi. Msimamizi akishateuliwa na mahakama, fungueni akaunti moja ya pango, mkubaliane kwa maandishi kiasi cha matengenezo kinachotoka kwanza na siku ya kugawana kinachobaki, na nakala ya kila mkataba wa mpangaji ikae kwa ndugu wote watano.